Juisi ya matunda na mboga nyumbani: usiuze mbuzi kununua mashine

Wiki chache zilizopita tulizungumzia lishe ya familia katika kipindi cha jioni. Baada ya kipindi, mama mmoja wa Ntobeye alitutumia ujumbe mrefu wa simu. Alitusalimia kwa kutuita wanawe, kisha akaeleza shida yake. Binti yake ni mjamzito, na kliniki wamemwambia damu yake iko chini. Jirani amemshauri ampe juisi ya bitiruti na karoti kila siku, na amemwonyesha kwenye simu picha ya mashine ya kukamulia. Mama anaye mbuzi mmoja. Aliuliza kama amuuze ili anunue mashine hiyo.

Shikamoo mama. Swali lako tulilisoma mara mbili, na tumeona si lako peke yako. Wengi mnatuuliza namna ya kuanza kutengeneza juisi nyumbani, na wengi mnadhani lazima muwe na umeme, blenda na friji. Jibu letu fupi ni hili: mbuzi asiuzwe, juisi inaweza kuanza leo kwa vyombo vilivyomo jikoni, na binti aendelee na vidonge alivyopewa kliniki. Jibu refu ndilo hili hapa. Lisome taratibu, na wasomee wa nyumbani wasio na simu.

Juisi ni nini, na mashine inafanya nini

Tunda au mboga ina maji, sukari, vitamini, madini na nyuzinyuzi. Kukamua ni kutenganisha maji yake na nyuzinyuzi. Vitamini nyingi na karibu sukari yote hufuata maji. Nyuzinyuzi, ambazo ndizo hushibisha na kusaidia choo kuwa laini, hubaki kwenye makapi.

Mashine ziko za aina mbili, na watu huzichanganya. Blenda husaga kila kitu pamoja, na wewe unachuja baadaye ukitaka. Mashine ya kukamulia hutenga yenyewe: maji huku, makapi kule. Hiyo ya pili ndiyo jirani alimwonyesha mama. Bei yake ni kubwa, ina vipande vingi vya kuosha, na hutumia matunda mengi kupata glasi moja.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hatakwambia. Umeme wa jua wa nyumbani, ule wa taa tatu na kuchaji simu, hauwezi kuendesha blenda ya kawaida. Blenda nyingi za nyumbani hutumia kati ya wati 300 na 500. Kama kwako umeme wa gridi haujafika, mashine itakaa juu ya kabati kama pambo.

Vifaa vya kuanzia

Kwa kuanza, unahitaji hivi tu:

- Kisu kikali na ubao safi wa kukatia.
- Kinu kidogo na mchi, au bakuli imara na mwiko.
- Kifaa cha kukunia karoti, kile cha bati chenye matundu.
- Chujio la chai au la nazi, na kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa na kuanikwa juani.
- Jagi au ndoo ndogo yenye mfuniko.

Tumia chombo cha plastiki ya chakula, kioo, chuma kisichoshika kutu au enameli. Sufuria ya alumini inafaa kwa kazi ya haraka, lakini usiiachie juisi ya ndimu, nanasi au pasheni ilale humo, kwa sababu uchachu hula alumini. Na dumu lililowahi kubeba dawa ya shamba au mafuta ya taa lisitumike kabisa, hata likioshwa mara kumi.

Usafi ndio nusu ya kazi

Chai tunaichemsha, na moto huua vijidudu. Juisi hatuichemshi. Kila kilichokuwa kwenye mkono, kwenye ganda au kwenye maji kinaingia kwenye glasi na kutoka humo kwenda tumboni. Ndiyo maana juisi mbaya inaweza kuleta kuhara, homa ya matumbo na hata kipindupindu.

Osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kibuyu chirizi nje ya jiko kinatosha. Osha matunda kabla ya kuyamenya, hata yale ambayo ganda lake unalitupa, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani. Karoti na bitiruti zisugue kwa brashi mpaka udongo wote uishe.

Maji ya kuongezea kwenye juisi lazima yawe yamechemshwa mpaka yakabubujika, yakapoa yakiwa yamefunikwa, au yawe yametiwa dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Maji ya mto au ya kisima kuwa meupe hakumaanishi kuwa ni salama.

Sisi wa Ngara na Biharamulo tunalo jambo moja zaidi la kukumbuka. Ugonjwa wa Marburg ulitangazwa wilayani Biharamulo Januari 2025, na serikali ikatangaza kuwa umekwisha Machi mwaka huo huo. Kabla ya hapo, mwaka 2023, ulikuwa umetokea Bukoba. Virusi vyake huishi kwa popo wanaokula matunda. Hatusemi ugonjwa ule ulitoka kwenye embe la mtu. Tunasema tahadhari ni rahisi: tunda lenye alama za meno, lililotobolewa au lililoliwa nusu mtini usilikate sehemu mbaya ukakamua iliyobaki. Lifukie. Watoto nao waambiwe hivyo hivyo, kwa sababu wao ndio huokota asubuhi.

Mwisho, ukinunua nyanya au mboga sokoni huwezi kujua zilipuliziwa dawa lini. Osha kwa maji mengi. Za shambani kwako, subiri siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa kabla ya kuvuna.

Anza na matunda laini

Kosa la wanaoanza ni kukimbilia mchanganyiko wa vitu saba waliouona kwenye simu. Anza na tunda moja. Ukishalijua, ongeza la pili. Hizi hapa njia nne ambazo hazihitaji umeme.

Machungwa na machenza. Libingirishe tunda juu ya meza huku ukilikandamiza kwa kiganja, kisha likate katikati na ulikamue kwa mkono juu ya chujio. Usilikamue mpaka ganda lipasuke, maana mafuta ya ganda huleta uchungu. Usiongeze maji wala sukari.

Pasheni. Chukua kumi zilizoanza kukunjamana, hizo ndizo zimeiva. Kata, komba ndani kwa kijiko, tia kwenye bakuli na maji salama kikombe kimoja. Koroga kwa mwiko kwa nguvu mpaka utelezi uachane na mbegu. Usizisage mbegu kwenye kinu, zitaleta ladha chungu. Chuja, kisha ongeza maji mpaka ifike kama lita moja. Ukiona kali sana, chenza mbili zitaipunguzia ukali kuliko sukari.

Nanasi. Menya, katakata vipande vidogo, twanga kidogo kidogo kwenye kinu kilichooshwa vizuri (kinu kilichotwanga kitunguu saumu jana kitakuumbua). Ongeza maji nusu lita, acha dakika kumi, kamua kwa kitambaa. Maganda usiyatupe kama uliliosha nanasi kabla ya kulimenya. Yachemshe na kipande cha tangawizi kwa nusu saa, chuja, na utapata kinywaji kingine cha familia bila gharama.

Embe. Lililoiva sana halihitaji kukamuliwa. Liponde kwa mwiko, lipitishe kwenye chujio, ongeza maji upendavyo. Itakuwa nzito, na huo uzito ndio nyuzinyuzi. Ni jambo zuri.

Parachichi tunaliweka pembeni. Lina mafuta, halina maji ya kukamua. Ukitaka kulinywa, liponde laini kisha ulichanganye na maji ya machungwa au ya limau. Limau huchelewesha lile weusi linaloingia parachichi likikaa wazi.

Kisha mboga

Mboga ngumu ndizo humfanya mtu adhani hawezi bila mashine. Siri ni kukuna.

Chukua karoti nne za wastani. Zioshe, zikune kwa matundu madogo, ongeza nusu glasi ya maji salama, changanya kwa mkono safi na acha dakika kumi. Mimina kwenye kitambaa, zungusha kitambaa kama unayekamua nguo, na maji ya rangi ya chungwa yatatoka. Ongeza maji ya machungwa matatu na tangawizi kidogo iliyokunwa. Utapata kiasi cha glasi mbili. Bitiruti hufanywa hivyo hivyo, ila moja inatosha mahali pa karoti nne, kwa kuwa ladha yake ya udongo huwashinda wengi. Tango na nyanya ni laini, zinapondwa tu na kuchujwa.

Makapi ya karoti yana kazi. Tia kwenye maharage, kwenye wali au kwenye unga wa chapati. Yakizidi, wape kuku. Mtu anayetupa makapi ametupa nusu ya chakula alichokinunua.

Tahadhari moja kubwa: majani ya muhogo hayaingii kwenye juisi. Kisamvu kibichi kina sumu ya sayanidi, na ndiyo maana bibi zetu walikitwanga na kukichemsha kwa muda mrefu. Mtu akikwambia ukamue kisamvu kibichi unywe ili uongeze damu, usimsikilize.

Juisi ya kwetu ilikuwepo kabla ya blenda

Wenye migomba msijione mmeachwa nyuma. Wahaya wana mramba, na wenzetu wa Burundi na Rwanda wana umutobe: juisi ya ndizi isiyochachuka, inayokamuliwa bila mashine.

Ndizi zinazofaa ni zile za kukamulia, zenye ukakasi zikiwa mbichi. Ndizi za kupika hata zikiiva zitakupa uji mzito badala ya juisi. Huivishwa siku nne hadi sita, kwenye shimo lililopashwa joto na kufunikwa kwa majani ya mgomba, au juu ya uchanja wa jikoni. Zikishalainika sawasawa humenywa na kukandwa pamoja na nyasi kavu safi. Nyasi hushika nyama ya ndizi, na maji matamu huachia. Kwa matumizi ya nyumbani chane tatu zinatosha, na mikono iliyooshwa kwa sabuni inafanya kazi ambayo zamani ilifanywa kwa miguu kwenye mtumbwi wa mti. Kamua kwanza bila maji, kisha ongeza maji salama kidogo ili kusafisha yaliyobaki, na chuja.

Juisi hii inywewe siku hiyo hiyo. Ikikaa, hasa ikiwekwa unga wa mtama uliokaangwa, inageuka rubisi, na hapo si kinywaji cha watoto tena.

Bila friji, kunywa leo

Sisi wenyewe tuliwahi kujifunza kwa aibu. Tulitengeneza juisi ya nanasi ofisini, iliyobaki tukaitia kwenye chupa ya soda, tukafunga kifuniko barabara na kuiacha dirishani tukaenda nyumbani. Kesho yake mwenzetu alipoifungua, kifuniko kiliruka, na juisi ikaishia darini na kwenye karatasi za taarifa ya habari. Chachu iliyomo kwenye matunda ilikuwa imekula sukari usiku kucha na kutoa gesi.

Kwa hiyo kanuni ni hii: kamua kinachotosha, kunywa ndani ya saa chache, iliyobaki jioni imwagwe. Mtungi wa udongo uliowekwa kivulini huipoza, lakini hauizuii kuharibika. Mwenye friji anaweza kuiweka kwenye chombo kilichofunikwa hadi siku inayofuata.

Ukiwa na matunda mengi na hutaki yaoze, ichemshe juisi mpaka ikaribie kutokota, ishikilie hapo dakika chache, kisha imimine ikiwa bado ya moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa na kupashwa moto, na ufunge papo hapo. Sehemu ya vitamini C itapotea, lakini juisi itakaa muda mrefu zaidi. Ukifungua chupa ukaona povu, harufu ya pombe au ukungu, mwaga.

Je, juisi inaongeza damu?

Sasa turudi kwa binti wa yule mama, maana hapa ndipo kwenye uzito.

Bitiruti ni nyekundu, na damu ni nyekundu. Wengi wameishia hapo. Lakini wekundu wa bitiruti ni rangi ya mmea tu. Kinachotengeneza damu ni madini ya chuma, pamoja na vitamini kadhaa. Gramu 100 za bitiruti zina chuma kama miligramu 0.8. Mama mjamzito anahitaji kama miligramu 27 kwa siku. Hata akila kilo nzima, hajafika hata theluthi. Bitiruti ina foliki, na hiyo ni nzuri kwa mjamzito, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki.

Damu kupungua kuna sababu nyingine pia. Malaria huvunja damu. Minyoo ya safura huinyonya. Hakuna juisi inayotibu malaria wala minyoo. Ndiyo maana kliniki humpima mjamzito, na ndiyo maana anatakiwa kurudi kwa tarehe aliyopangiwa.

Je, juisi haina msaada wowote? Inao, na huu ndio tulitaka mama auelewe. Chuma kilichomo kwenye maharage, mchicha na matembele huingia mwilini kwa shida. Vitamini C hukisaidia kuingia. Chai na kahawa hufanya kinyume: hukizuia. Kwa hiyo glasi ndogo ya maji ya machungwa, au pera lililoliwa zima, pamoja na sahani ya maharage na mboga za majani, inamsaidia binti kuliko jagi la bitiruti linalonywewa peke yake. Dagaa wakipatikana, bora zaidi. Kidonge cha damu nacho kinywewe kwa maji au juisi ya chungwa, na chai isubiri saa moja au mbili.

Asishtuke pia: vidonge vya chuma hufanya choo kuwa cheusi, na bitiruti huweza kufanya mkojo na choo kuwa vyekundu. Lakini kama anaona damu na hakula bitiruti, au anachoka sana, anahema kwa shida au moyo unamwenda mbio, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Nani awe mwangalifu

- Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama peke yake. Asipewe juisi wala maji. Baada ya hapo apewe tunda lililopondwa, na juisi isubiri mpaka atimize mwaka.
- Mwenye kisukari. Glasi ya robo lita ya juisi ya machungwa ina sukari ya kiasi cha vijiko vitano vya chai au zaidi, hata kama hukuongeza punje moja. Kwake tunda zima ni bora, kwa kipimo alichopewa na mtoa huduma.
- Mwenye shinikizo la damu. Bitiruti inaweza kushusha kidogo, lakini asiache dawa. Presha hurudi kimya kimya.
- Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza, maana juisi nyingi zina potasiamu kwa wingi.
- Anayetumia dawa za kila siku aulize kuhusu balungi. Tunda hilo hubadilisha nguvu ya baadhi ya dawa.

Kwa watu wengine wote, glasi moja ndogo kwa siku inatosha, pamoja na chakula. Shirika la Afya Duniani huhesabu sukari ya juisi kundi moja na sukari ya kwenye chai, na linashauri mtu mzima asizidishe kiasi cha gramu 50 kwa siku kwa jumla. Hivyo ni kama vijiko 12 vya chai. Juisi haikatazwi, lakini isigeuzwe kuwa maji ya kunywa.

Lini ununue mashine

Jaribu kwa mikono mwezi mzima. Kama familia bado inaitaka juisi, matunda yanapatikana bila kuyanunua yote, na umeme wa uhakika upo, fikiria blenda kwanza, kwa kuwa itasaga pia nyanya za mchuzi na karanga. Ukitaka kuuza juisi, zungumza kwanza na afisa afya wa kata, maana ukiuza unabeba matumbo ya watu wengine.

Tulimpigia mama tukamweleza haya yote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja: je, mapera yaliyoko nyuma ya nyumba yanafaa? Tukamwambia yanafaa sana, tena pera lina vitamini C kuliko chungwa, na aliwe zima baada ya kuoshwa. Alicheka. Alisema miaka yote wanawaachia ndege.

Nawe angalia nyuma ya nyumba yako kabla ya kuangalia picha kwenye simu. Ukijaribu mojawapo ya njia hizi, tutumie ujumbe utueleze ilivyokwenda, hata kama imeharibika. Tutayasoma majibu hewani katika kipindi cha jioni.